Kazi za kiporo: kwa nini tunaahirisha hata kile tunachokitaka

Steshenari yangu ipo Mafiati, Mbeya. Kushoto kwangu kuna duka la vipuri vya bodaboda, kulia kuna mama anayeuza chai na maandazi. Ukitaka kujua tarehe ya mwisho ya jambo lolote nchi hii, usihangaike kusoma matangazo. Njoo ukae kwenye benchi langu uhesabu watu. Nafasi za kazi zikitangazwa kwa siku 14, siku 12 za mwanzo nauza kalamu moja moja na bahasha. Siku 2 za mwisho naazima stuli kwa mama wa chai, watu wanajaa hadi barazani na vyeti mkononi. Huyu hana cheti cha kuzaliwa, yule amesahau neno la siri la barua pepe aliyofunguliwa na shemeji yake, na wote wanaulizana kwa nini mtandao leo uko taratibu.

Jioni moja ya mwezi wa kumi aliingia kijana wa chuo, saa 2 usiku, amejifunika kofia ya koti, flashi anaizungusha kidoleni.

"Shikamoo kaka. Unabaindi mpaka saa ngapi?"

"Marahaba. Mpaka saa 3."

Akachomeka flashi kwenye kompyuta ya wateja. Ripoti ya fildi. Jalada lilikuwepo, limepangwa vizuri na nembo ya chuo juu. Shukrani zilikuwepo, ukurasa mmoja na nusu: Mungu, wazazi, msimamizi, wafanyakazi wote wa ofisi aliyokwenda, hadi mwenye nyumba aliyompangisha. Sura ya kwanza ilikuwepo. Sura ya pili ilikuwa na kichwa cha habari tu, na chini yake karatasi nyeupe mpaka mwisho. Ilitakiwa ikabidhiwe kesho yake saa 4 asubuhi.

Nikamuuliza alikaa fildi wiki ngapi. Nane. Nikamuuliza wiki zote hizo alikuwa anafanya nini. Akaangalia kioo cha kompyuta, hakuniangalia mimi.

"Nilikuwa naogopa kuifungua."

Mteja mwingine aliyekuwa anasubiri kopi akacheka, akasema vijana wa siku hizi wavivu. Lakini yule kijana, nilivyomdodosa, hakuwa amelala. Katika wiki hizo 8 alifua nguo zake zote mpaka mapazia, alimsaidia mwenye nyumba kupaka chokaa, na aliwachorea wenzake wawili majedwali ya ripoti zao. Ripoti za wenzake! Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, kwa sababu na mimi chini ya kaunta nina boksi la rimu lililojaa risiti nisizotaka kuziona, na siku nikipanga kuzishika, ghafla naona rafu zinahitaji kufutwa vumbi.

Uvivu na kuahirisha ni vitu viwili

Mvivu hataki kazi, na matokeo yake wala hayamsumbui. Usingizi anaupata. Anayeahirisha anaitaka kazi, ameipangia siku, anajua kabisa kwamba ikichelewa ataumia yeye mwenyewe, na bado anaisogeza. Piers Steel, profesa wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, ambaye mwaka 2007 alichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za jambo hili, anaiweka hivyohivyo: ni kuchelewesha kwa hiari kitu ulichokusudia, huku ukitarajia kwamba kuchelewa kutakugharimu. Ukiondoa kipande hicho cha mwisho, unachobaki nacho si kuahirisha tena.

Kwa hiyo tuanze kwa kuondoa vinavyopachikwa jina hili bila haki.

Kusubiri kwa akili si kuahirisha. Mkulima wa Makete anayeacha viazi ardhini wiki 2 zaidi akisikilizia bei, huyo anafanya biashara. Mama anayekataa kufua majinzi mwezi wa sita asubuhi ya ukungu wa Mbeya, akingoja jua litoke, anajua anachofanya. Methali zetu zenyewe zinavutana hapa. Ya kwanza inakwambia haraka haraka haina baraka, ya pili inakwambia chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na wahenga hawakutuachia maelezo ya lini utumie ipi.

Kuzidiwa nako ni kitu kingine. Fundi cherehani anayekwambia "njoo Ijumaa", na Ijumaa kitambaa chako bado kimekunjwa kama ulivyokileta, mara nyingi hajaahirisha. Amepokea magauni 40 ya Krismasi kwa mikono yenye uwezo wa kushona 25. Kosa lake lilifanyika siku aliyopokea kazi, na ratiba nzuri namna gani haiwezi kumwokoa.

Halafu kuna ugonjwa. Mtu ambaye kila kitu kimemshinda kwa wiki nyingi, hata kuoga, hata chakula alichokuwa akikipenda, huenda ana sonona. Mwingine tangu utotoni hajawahi kumaliza kitu bila kurukia kingine, vitu vinampotea kila siku, na huenda ana tatizo la umakini ambalo wataalamu wanaliita ADHD. Hawa wanahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Kuwapa daftari jipya la mipango na maneno ya "jikaze" ni kuwaongezea mzigo.

Baada ya kuwatoa hao wote, tunabaki na sisi wenye maboksi ya risiti.

Kinachokimbiwa

Kwa miaka mingi niliamini tatizo langu ni muda. Nilinunua dayari kila Januari. Moja ilikuwa na jalada la ngozi, nilijaza mpaka tarehe 19. Nilichokuja kuelewa baadaye, na ndiyo sababu ya kuandika haya, ni kwamba muda ulikuwepo siku zote. Kilichokuwa kinanifukuza ni ile hali inayonipata tumboni nikilishika boksi.

Watafiti wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walilieleza hili mwaka 2013: kuahirisha ni njia ya kutuliza hisia kwa haraka. Kazi inakuletea hofu, aibu, uchoshi au kuchanganyikiwa. Ukiisukuma kando, hisia ile inashuka papo hapo. Ni dawa ya kweli, inafanya kazi ndani ya sekunde chache, na ndiyo maana mwili unajifunza kuirudia. Bili inakuja kwa mtu mwingine, yaani wewe wa wiki ijayo, ambaye leo unamwona kama jamaa wa mbali mwenye nguvu nyingi na asiye na shughuli.

Sasa mrudie yule kijana. Majedwali ya wenzake hayakumtisha kwa sababu hakuna ambaye angempima kwayo. Ripoti yake ilikuwa kipimo chake mwenyewe. Ilimkumbusha kwamba wiki 2 za kwanza za fildi hakuandika kumbukumbu za kila siku, kwamba kuna takwimu hakuziomba ofisini, kwamba msimamizi atauliza. Kila siku iliyopita iliongeza kitu cha kuogopa. Kiporo cha wali kina faida, asubuhi ukikipasha moto kwa chai ya maziwa kinashinda cha jana yake. Kiporo cha kazi kikilala, kinachacha. Unapokwenda kukifunua siku ya tano, kazi ni ileile, lakini juu yake kuna harufu ya siku tano.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoamini matusi. Wazazi wetu, walimu wetu, na sisi wenyewe mbele ya kioo, dawa yetu ya kwanza ni kukaripia: mvivu, mzembe, huna maana. Kama kinachokimbiwa ni hisia mbaya juu ya kazi, kukaripia kunaongeza hisia mbaya juu ya kazi hiyohiyo. Mwaka 2010 Michael Wohl, Pychyl na Shannon Bennett walifuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliochelewa kuanza kujisomea mtihani wao wa kwanza. Waliojisamehe kwa kuchelewa kule, kuchelewa kwao kulipungua walipofika mtihani uliofuata. Kujisamehe si kujibembeleza. Ni kukubali kwamba wiki 2 zimeshapotea, ukaacha kuzibeba kila unapofungua faili.

Hesabu ya Steel

Steel ana njia nyingine ya kulitazama jambo hili, naipenda kwa sababu ina mahali pa kushika. Anaiweka kama hesabu ya kugawanya. Juu ya mstari kuna vitu 2 vinavyozidishwa: imani yako kwamba ukijaribu utafanikiwa, na thamani ya matokeo machoni pako. Chini ya mstari navyo ni 2: wepesi wako wa kuvutwa na vitu vilivyo karibu, na umbali uliobaki mpaka upate matokeo. Jibu likiwa kubwa, unainuka. Likiwa dogo, unabaki umekaa na simu.

Iweke ripoti ya fildi humo. Imani ndogo, maana hajawahi kuandika ripoti. Thamani ya wastani, ripoti yenyewe haimfurahishi, anataka alama tu. Chini ya mstari, simu yenye bando la wiki inaimba mfukoni, na tarehe ya kukabidhi iko wiki 8 mbele. Juu kidogo, chini kingi, jibu ni karibu na sifuri. Sasa vuta tarehe mpaka iwe kesho saa 4. Hakuna kingine kilichobadilika, ila umbali umeshuka, na kijana yuleyule anaandika kurasa 20 akiwa amesimama. Nilimwachia kompyuta mpaka saa 6 usiku. Ripoti ilitoka na kurasa 31, na zile shukrani zikiwemo.

Watu wa namna hii, nami nimo, husema "mimi nafanya kazi vizuri kwenye presha". Naona ni kujidanganya. Siku hiyo ndiyo pekee uliyofanya kazi, sasa utailinganisha na ipi? Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kwa muhula, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Mwanzoni mwa muhula wanaoahirisha walikuwa na raha kuliko wenzao, msongo kidogo, magonjwa machache. Mwisho wa muhula kibao kiligeuka: msongo zaidi, kuumwa zaidi, na alama zao zilikuwa chini. Ukijumlisha mwanzo na mwisho, waliumwa zaidi. Raha ya mwanzo ilikuwa mkopo.

Uzuri wa hesabu ya Steel ni kwamba inakuonyesha milango 4, na si lazima upite wote. Mimi imani na thamani zimenishinda kuzilazimisha. Huwezi kujiambia "nazipenda risiti" ukaanza kuzipenda. Milango miwili ya chini ndiyo inayofunguka: kupunguza vivutio na kufupisha umbali.

Shangazi na mbolea

Nikisema hivi, watu wananikatisha: mbona wazee wetu hawakuwa na haya? Mbona wakulima wanaamka saa 11 alfajiri bila dayari?

Shangazi yangu analima ekari 2 za mahindi Igawilo. Mvua za kwanza zikigonga mwishoni mwa Novemba, huwezi kumwona nyumbani. Hajawahi kuchelewa kupanda. Lakini angalia vizuri nani anampangia ratiba. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba inakatika Aprili au Mei, ukikosa dirisha umekosa mwaka. Majirani wanapanda, watoto wa majirani wanapanda, udongo wenyewe unakwambia. Umbali kati ya kazi na adhabu ni mfupi na kila mtu anauona. Hapo hata mimi nisingeahirisha.

Sasa mtoe shangazi kwenye mvua, umpeleke kwenye mbolea. Anavuna mwezi wa sita au wa saba, anauza magunia, pesa ipo. Kila mwaka anasema mwaka huu mbolea ya kupandia nitanunua mapema. Kisha unakuja mwezi wa nane na harusi, wa tisa na msiba, wa kumi bati limeng'oka, na Novemba anakuja kwangu: "Mwanangu, huna chochote hapo?" Mwanamke yuleyule, mkono uleule usiochelewa jembe. Kilichobadilika ni kwamba mbolea inalipiwa leo na faida yake iko miezi 12 mbele, na kati yake hakuna mvua ya kumwamsha.

Si yeye peke yake. Magharibi mwa Kenya, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio na wakulima wa mahindi kuhusu jambo hili hasa, wakayachapisha mwaka 2011. Karibu wakulima wote walisema msimu ujao watatumia mbolea. Waliotumia kweli walikuwa theluthi moja na ushee. Watafiti wakajaribu kitu kidogo: mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mkononi, mtu anamfuata mkulima nyumbani, mkulima analipia mbolea siku hiyo, ataletewa bure wakati wa kuitumia. Matumizi yalipanda sana. Walipotoa ofa hiyohiyo ya kuletewa bure baadaye, wakati mbolea inahitajika, haikusaidia kitu cha maana. Ili kupata matokeo yanayokaribia yale ya mavuno ilibidi wapunguze bei kwa nusu. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Nilipomsimulia shangazi, alisema watu hao wangemuuliza yeye wangeokoa nauli. Lakini mwaka uliofuata alifanya jambo. Siku aliyouza mahindi ya kwanza, kabla hajafika nyumbani, alipita kwa wakala akanunua mifuko 2, akaipanga stoo juu ya mbao isiguse sakafu yenye unyevu. Harusi ya mwezi wa nane ilipokuja, mbolea haikuwa pesa tena. Hakuna anayechangia harusi kwa mfuko wa mbolea.

Ona alichofanya. Hakujiongezea nidhamu, wala hakujiahidi atakuwa mtu mpya. Aliuhamisha uamuzi kutoka siku ambayo yeye ni dhaifu kwenda siku ambayo yeye ana nguvu.

Orodha si mpango

Hapa ndipo habari ya kujipanga inapoingia, na ndipo wengi tunapopigwa. Kaunta buku langu la mwaka juzi lina ukurasa ambao ningeona aibu kuuonyesha. Umeandikwa hivi: "Risiti. Shule. Mama. Tona." Maneno 4, kila asubuhi nayahamishia ukurasa mpya, kwa mwandiko mzuri, nikijiona mtu aliyejipanga. "Tona" peke yake ndiyo iliyokuwa inafutwa, kwa sababu tona inajieleza: ikiisha, unakwenda kununua. "Risiti" si kazi. Ni jina la boksi. Kila nilipolisoma, ilibidi nianze kufikiria nini kifanyike, na kufikiria huko ndiko nilikokuwa nakukimbia.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza tofauti kati ya nia na mpango wenye kigingi. Nia inasema "nitashughulikia risiti". Mpango wenye kigingi unasema "likitokea hili, nitafanya lile", ukitaja wakati, mahali na kitendo chenyewe. Tafiti zake na za wenzake zinaonyesha kwamba mpango wa namna hii unaongeza sana uwezekano wa kutenda, kwa sababu hauachi uamuzi wa kufanya siku hiyo. Uamuzi ulishafanywa, unasubiri ishara tu.

Ishara yangu ni mashine ya fotokopi. Asubuhi za baridi, hasa Juni na Julai, ukiiwasha inakaa dakika kadhaa ikinguruma kabla haijakubali kazi. Zamani nilikuwa nazitumia dakika hizo kuangalia simu nikinywa chai. Sasa nimeandika kwenye karatasi na kuigundisha juu ya mashine: "Mashine ikianza kunguruma, chukua risiti za jana, ziandike." Za jana tu. Simu ikiwa kwenye droo ya kalamu. Taa ya kijani ikiwaka, naacha, hata kama imebaki risiti moja. Siku nyingi nakuta nimemaliza, maana risiti za jana huwa 5 au 6. Lile boksi la zamani sikuligusa mwezi mzima, na nilikuwa nimejiruhusu. Kilichonishangaza ni kwamba mwezi wa pili nilianza kulipunguza bila kujilazimisha, kwa sababu risiti zilikuwa zimeacha kunitisha.

Kipimo ni muhimu pia, maana sote ni waongo wa muda. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu zao watachukua siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Wastani wa ukweli ulikuwa siku 55 na nusu, na waliomaliza ndani ya makadirio yao hawakufika theluthi moja. Hawakuwa wanadanganya. Mtu akikadiria anaiona kazi ikienda sawa, haioni siku ya umeme kukatika, siku ya mtoto kuumwa, siku ya kusafiri Tukuyu kwenye mazishi. Tangu nisome hayo, mteja akiniuliza kitabu cha kurasa 200 kitakuwa tayari lini, siulizi moyo wangu. Nafungua daftari naangalia cha mwisho cha kurasa 200 kilichukua siku ngapi.

Na tarehe za kati. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, katika utafiti wa mwaka 2002, waliwapa wanafunzi kazi 3 za kuandika ndani ya muhula wa wiki 14. Darasa moja lilipangiwa tarehe zilizoachana sawasawa. Darasa lingine liliachiwa lijipangie, na tarehe watakazojiwekea zingewabana. Wengi wa waliojipangia walijiwekea tarehe za kati kwa hiari, maana watu tunajijua. Lakini hawakujipangia vizuri kama ratiba ya mwalimu, na alama zao zilikuwa chini kidogo. Serikali nayo imeliona hili kwenye kodi: sisi wafanyabiashara wadogo wa kodi ya makadirio tunalipa kwa awamu 4, kabla ya mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Watu wanalalamika mara 4 kwa mwaka. Ingekuwa Desemba peke yake, mimi ningekuwa nimefunga duka.

Tarehe ya kujiwekea mwenyewe ina kasoro, unaweza kuipiga kalenda na hakuna atakayejua. Inasaidia kuifunga kwa mtu. Mama wa chai ndiye mkaguzi wangu. Nilimwambia Ijumaa saa 10 jioni nikiwa sijajumlisha hesabu ya wiki, chai ya Jumamosi namlipa mara 2. Hajui lolote kuhusu hesabu zangu, lakini Ijumaa saa 10 anachungulia mlangoni, na anachungulia kwa furaha mno.

Neno la "Shule"

Liliponibakia neno moja kwenye ule ukurasa, nilijua kwa nini limebaki. Shule moja binafsi niliwachapia mitihani ya majaribio mwezi wa tatu, kazi ya laki 6 na 40 elfu. Hawakulipa. Kupiga simu kudai, kwangu, ni kazi ngumu kuliko kubeba rimu ghorofani. Nilijiona nitaonekana mwenye njaa. Nilijiona watanijibu vibaya na mwakani watapeleka kazi kwingine. Mwezi wa nne ukapita, wa tano, na kila mwezi simu ile ikawa nzito zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nilikaa kimya. Mpaka mwezi wa nane nilikuwa nimewachukia kabisa watu ambao hatujazungumza.

Niliandika: "Jumatatu, mashine ikimaliza kunguruma, kabla ya mteja wa kwanza, mpigie mhasibu. Sema: habari za asubuhi, naulizia malipo ya mitihani ya mwezi wa tatu." Niliandika na salamu, ndiyo, maana najijua.

Jumatatu nikapiga. Akapokea haraka.

"Ah, ni wewe! Sisi tunakusubiri wewe tangu mwezi wa nne. Ankara yako iko wapi? Bila ankara mimi siwezi kutoa hela."

Kweli, sikuwahi kupeleka ankara. Simu nzima haikufika dakika 2. Nikamwambia naileta leo jioni.

Niliipeleka Alhamisi.